Jina la Mumia na Posa Iliyotoka Kakamega



Wazazi wetu, dada zetu na ndugu zetu wasomaji, juma hili hatukuandika juu ya hukumu za udhu wala haki za jirani kama tulivyozoea. Tumeandika juu ya safari, na safari yenyewe ilianza kwa swali la mama mmoja.

Ilikuwa Alhamisi jioni, darsa ya akina mama imekwisha na wengi wameshaondoka. Mama huyu alibaki nyuma, akangoja mpaka ukumbi ukawa mtupu, kisha akasema: "Sheikh, binti yangu ameletewa posa. Kijana anasali, ana kazi ya halali, na adabu anayo. Lakini jina lake la mwisho ni Mumia. Baba yake mtoto amekataa hata kuijibu barua. Asema hilo si jina la Kiislamu. Na mimi Mumias niijuayo ni ile iliyokuwa ikiandikwa kwenye pakiti ya sukari. Watu watatuuliza, mmemwoza mtoto wenu kwa nani, tutajibu nini?"

Tulicheka kidogo kwa ajili ya ile pakiti ya sukari, kisha tukanyamaza, kwa kuwa tuliona macho ya mama yule hayakucheka. Tulimwomba atupe muda wa wiki mbili. Tulikuwa na mwaliko wa siku nyingi kutoka kwa imamu mmoja wa upande wa magharibi, nasi tulikuwa tukiuahirisha kila mwaka. Safari hii hatukuuahirisha.

Tuliondoka Mombasa kwa basi la usiku. Anayekwenda Kakamega kutoka pwani huvuka karibu nchi nzima: nyika ya Tsavo gizani, Nairobi alfajiri, Bonde la Ufa na Nakuru, mashamba ya chai ya Kericho, kisha mteremko mrefu wa kuingia Kisumu na ziwa likionekana chini. Kutoka Kisumu njia hupanda tena kuelekea kaskazini na kuvuka ikweta. Hapo hewa hubadilika. Sisi tuliozoea joto la chumvi tulijikunyata katika kanzu zetu, na dereva wa matatu akatutazama kwenye kioo akatabasamu. Karibu na Ilesi, kabla ya kufika mjini Kakamega, alituonyesha lile jiwe refu lililobeba jiwe jingine kichwani, ambalo maji huchirizika ubavuni mwake kama machozi. Watu huliita jiwe linalolia.

Kakamega ni mji wa mvua na miti. Mashariki yake umebaki msitu ambao wataalamu wanasema ni kipande cha mwisho, kwa upande wa Kenya, cha ile misitu mikubwa iliyokuwa ikienea kutoka Kongo. Kaunti yenyewe ina watu wengi mno: hesabu ya mwaka 2019 ilikuta watu 1,867,579. Hesabu hiyohiyo ilikuta Waislamu 5,152,194 katika Kenya nzima, yaani chini kidogo ya kumi na moja kwa kila watu mia. Mwandishi wa sensa humwuliza mtu dini yake na kabila lake, lakini majumlisho yanayotangazwa hayasemi ni wangapi wanaoitwa Mumia. Kwa jambo hilo hapana budi kwenda kuuliza wenyewe.

Wenyewe hawako mjini Kakamega. Wako magharibi yake, mwendo wa saa moja hivi, kwenye mji wa Mumias usio mbali na mto Nzoia. Njia yote ni miwa pande mbili, na matrekta yenye matela marefu yanayomwaga vipande vya miwa barabarani, na watoto wakiviokota. Tuliingia Mumias wakati wa adhuhuri, na kitu cha kwanza kilichotupokea kilikuwa adhana. Tuwe wakweli: hatukuitarajia kwa wingi ule. Sauti moja ilianza, ya pili ikafuata, na ya tatu ikatoka upande wa sokoni, kama Mji wa Kale wa Mombasa. Tulisali katika msikiti wa Jamia pamoja na wazee ambao nyuso zao na makubazi yao yangeweza kuwa ya mtaani kwetu.

Baada ya sala imamu alitupeleka kwa mzee mmoja wa ukoo wa Mumia. Alitupokea kwa neno "mulembe", nasi tukamjibu kwa salamu yetu. Imamu akatueleza kwamba hatukupishana sana, kwa kuwa maana ya mulembe ni amani. Tuliwekewa ugali, mboga ya mrenda na kuku, na firigisi ya yule kuku ikaletwa mbele yetu peke yake katika kisahani. Kwa Waluhya firigisi ni heshima ya mgeni mkubwa. Tulitaka kumpa mzee. Bibi wa nyumba, ambaye wajukuu wote walimwita kukhu, alituzuia: "Sheikh, hiyo haigawanywi. Ukiikataa umetukataa sisi." Tukaila.

Kisha tuliuliza swali letu, na hapa tunaeleza tuliyoyasikia pamoja na yale tunayoyajua kutoka katika vitabu vya historia.

Mumia ni jina la mtu kabla ya kuwa jina la kitu kingine chochote. Waluhya wana makabila madogo mengi, na mojawapo ni Wawanga. Wawanga walikuwa na ufalme, jambo lisilo la kawaida kwa majirani zao, na mfalme wao aliitwa Nabongo. Ukoo wa kifalme ni Abashitsetse, yaani watu wa Shitsetse. Yule "aba" ni ndugu wa "wa" yetu ya Kiswahili, kama tusemavyo Wakilindini au Watangana. Katika miaka ya 1870 Nabongo alikuwa Shiundu, na ndipo misafara ya Waswahili na Waarabu kutoka Pangani na Mombasa ilipoanza kufika hapo kutafuta pembe za ndovu. Shiundu aliwapokea, akawapa mahali pa kupiga kambi. Alipofariki mwanzoni mwa miaka ya 1880, mwanawe Mumia alirithi kiti akiwa bado kijana.

Sasa tazameni jambo hili, maana ndilo lililotufunga mdomo. Mwaka 1883 Mzungu mmoja, Joseph Thomson, alitoka pwani kuelekea ziwani, akitembea sehemu ya njia pamoja na msafara wa Jumbe Kimameta, mfanyabiashara wa Pangani. Alifika katika mji huu mwezi wa Desemba, akamkuta Shiundu ameshafariki na Mumia anatawala. Wenyeji waliuita mji huo Elureko. Lakini katika kitabu chake Thomson aliuandika "Kwa Sundu". Neno "kwa" si la Kiingereza, wala si la Kiwanga. Ni la wapagazi na viongozi wa misafara, wazee wetu sisi, waliokuwa wakisema "tunakwenda kwa Shiundu", na ndimi zao zikalilainisha jina likawa Sundu. Mfalme alipobadilika, mahali pakawa kwa Mumia. Waingereza walipokuja kuweka kituo chao mwaka 1894, walisema jambo lilelile kwa lugha yao, na kwa Kiingereza umiliki huonyeshwa kwa herufi s mwishoni mwa jina. Kwa Mumia ikawa Mumias. Herufi ile ya mwisho, iliyosafiri nchi nzima juu ya pakiti za sukari, ni tafsiri ya "kwa" yetu.

Kwetu pwani mji humpa mtu jina. Mtu huitwa wa Kilindini, au husemwa ni wa Lamu, au nisba ya babu yake humtaja Hadhramaut. Huko tulikokwenda mtu ndiye aliyeupa mji jina, na waliolitangaza kwanza nje ya nchi yake ni watu wa pwani.

Mumia alitawala muda mrefu. Kituo chake kilikuwa njia panda ya kwenda Uganda, na mpaka mwaka 1902 sehemu hiyo ilihesabiwa kuwa ndani ya Uganda. Askofu Hannington alipita hapo mwaka 1885 katika safari aliyouawa Busoga. Mwaka 1909 Waingereza walimfanya Mumia chifu mkuu wa wilaya yote ya Kavirondo Kaskazini, na ndugu zake walipelekwa kutawala sehemu nyingine: Mulama kwa Wamarama, Murunga kwa Wabukusu. Lakini reli ilipofika Kisumu mwaka 1901 haikupita Mumias, na misafara ikakoma. Mwaka 1920 ofisi za wilaya zikahamishiwa Kakamega. Mumia alistaafishwa mwaka 1926 na kufariki mwaka 1949. Mzee alitusimulia kwamba babu yao alisilimu, pamoja na ndugu zake kadhaa, kwa mikono ya wale wafanyabiashara. Walimu wa kwanza wa Kurani katika mji huo walikuwa watu wa pwani waliopiga kambi kwa ajili ya pembe, wakaoa Wawanga, wakazaa, wasirudi tena kwao.

"Mwasema ni jina geni," mzee alituambia kwa upole. "Wazee wenu walikula katika nyumba ya jina hili kabla yangu mimi kuzaliwa."

Tulimwuliza kwa nini basi watu wenye jina hili ni wachache, ilhali mfalme yule alikuwa na wake wengi na watoto wengi. Jibu lake lilitufundisha jambo ambalo hata sisi wapenzi wa nasaba tulikuwa hatujalifikiria. Zamani Mwanga hakuwa na jina la ukoo la kuandikwa. Alikuwa na jina lake, na akiulizwa zaidi alitaja baba yake na ukoo wake. Mtoto wa Mumia aliitwa wa Mumia, lakini mjukuu aliitwa kwa jina la baba yake yeye, si la babu. Ndivyo ilivyo kwetu pia tunaposema fulani bin fulani. Kila kizazi jina la pili hubadilika.

Kilichoyagandisha majina ni karatasi. Serikali ya kikoloni ilipitisha sheria ya kuandikisha wanaume mwaka 1915, na baada ya vita vikuu vya kwanza kila mwanamume Mwafrika aliyetimiza miaka 16 alitakiwa kubeba kipande. Baadaye zikaja shule, vyeti na vitambulisho. Jina lililokutwa siku ya kuandikwa ndilo lililobaki. Katika nyumba moja kalamu ilikuta jina la Mumia, likabaki Mumia mpaka leo. Katika nyumba nyingine ilimkuta mjukuu, likabaki jina la baba yake. Kwa hiyo damu ya Mumia ni pana kuliko jina lake. Watoto wa nyumba za Mulama na Murunga ni binamu zake kwa majina mengine, nao wametawanyika mpaka huko walikopelekwa wazee wao kutawala. Wanaobeba jina lenyewe, mzee alisema, wengi wako Mumias na Matungu, kisha wachache Nairobi na Mombasa walikokwenda kutafuta riziki. Ndani ya ukoo wamo Waislamu na wamo Wakristo. Aliyekalia kiti cha Nabongo katika zama zetu, mjukuu wa yule Mumia wa kwanza, anaitwa Peter Mumia wa Pili.

Tukiwa katika mazungumzo hayo aliingia jirani kutusalimu. Alikuwa mtu mzima mwenye msalaba mdogo shingoni, na kukhu akamkaribisha: "Karibu, Juma." Tulishtuka, na mzee akaona. Alitueleza kwamba katika Waluhya wako Wakristo wengi wanaoitwa Juma, na wako wengi wanaoitwa Barasa, jina ambalo wao wanasema latokana na neno baraza. Majina hayo yaliingia pamoja na misafara, yakakaa, hata kwa wale ambao dini haikuwaingia.

Tulikaa kimya tukimtazama Juma aliyevaa msalaba, na kando yake kijana wa nyumba hiyo, anayeitwa Mumia, akikunja mkeka wa sala. Ikiwa jina peke yake lingekuwa ushahidi wa dini, tungewakosea wote wawili.

Hapa tunapaswa kusimama kidogo tuseme sharia inavyosema, kwa kuwa baba wa binti alitumia dini kuwa hoja yake. Katika Sura ya al-Ahzab Mwenyezi Mungu ametuamrisha tuwaite watu kwa baba zao, na akabainisha kwamba huo ndio uadilifu. Zayd radhiyallahu anhu alikuwa akiitwa mwana wa Muhammad, na baada ya aya hiyo akarudishiwa jina la baba yake, Haritha. Na hakuna jina la heshima zaidi ya lile aliloondolewa! Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alibadilisha majina yenye maana mbaya kwa wale waliosilimu, lakini hakuwavua nasaba zao. Umar alibaki bin al-Khattab, na Khattab hakuuona Uislamu. Ikrima alibaki mwana wa Abu Jahl. Salman alikuwa Mfursi, Suhaib Mrumi, Bilal Mhabeshi, na nisba hizo hazikupunguza chochote katika daraja zao. Na katika Sura ya al-Hujurat tumeambiwa kwamba tumefanywa mataifa na makabila ili tujuane. Jina la babu ni katika vyombo vya kujuana huko. Anayemwambia Mwislamu wa bara alitupe jina la babu yake ili awe Mwislamu kamili, anamwagiza jambo ambalo dini haikuliagiza.

Ndugu zetu, tunaandika maneno haya na nafsi zetu zikitusuta. Miaka ishirini na mitano iliyopita tulikuwa tukifundisha katika madrasa moja ya pwani. Aliletwa kijana mdogo, baba yake ametoka huko magharibi kufanya kazi bandarini. Jina la kwanza la mtoto lilikuwa la Kiislamu, la baba lilikuwa la Kiluhya. Tulipolifikia katika daftari hatukuliandika. Tuliandika "bin Abdallah", kama ilivyo desturi ya wengi wetu kwa watu waliosilimu. Asubuhi tulipoita majina, mtoto hakuitika. Tukamwita mara ya pili. Alisimama, akasema kwa sauti ndogo, "Mwalimu, baba yangu haitwi Abdallah." Tulimwambia kwamba hilo ni jina bora zaidi, naye akae chini. Watoto wengine wakacheka. Baada ya siku chache baba yake alikuja, akatusalimu kwa heshima, akalipa ada iliyobaki, akamchukua mwanawe. Hakugombana nasi. Hatujui mtoto yule alisoma wapi baada ya hapo, wala kama alisoma.

Alasiri ile huko Mumias tulikaa barazani kwa madrasa tukisikia mwalimu akiita majina. Ya kwanza yalikuwa ya Kiarabu, yale yale ya watoto wetu, na ya mwisho ya Kiwanga, moja baada ya moja. Kila mtoto aliitika kwa sauti kubwa. Tulilazimika kutazama upande mwingine.

Wala tusijipambe kwamba wazee wetu walipeleka dini tupu huko. Kabla ya kuagana tulimwomba mzee atuambie wanavyotukumbuka. Alifikiri kidogo, kisha akasema: "Walituletea Kurani, nguo na bunduki. Kurani ingalipo. Bunduki zilitusaidia sisi, lakini ukienda kwa Wabukusu usiulize swali hili ukitaraji firigisi." Tulimwelewa. Misafara ilichukua pembe, na pia ilichukua watu. Silaha zake zilimpa Mumia nguvu juu ya majirani zake. Na mwaka 1895, Waingereza walipowashambulia Wabukusu huko Lumboka na Chetambe, wapiganaji wa Mumia walikuwa upande wa Waingereza. Jina moja laweza kuwa fahari katika nyumba hii na jeraha ng'ambo ya mto. Tukitaka kujua nasaba za watu, tuzijue zote, pamoja na sehemu ambayo sisi wenyewe tumo ndani yake.

Kukhu alitusindikiza mpaka barabarani. Alikuwa amekwisha jua sababu ya safari yetu, maana kijana mposaji ni wa ukoo huo kwa mlango mwingine. Alituambia neno moja tulipeleke kwa mama wa binti: "Mwambie asiogope jina. Mwanamke wa Kiislamu habadilishi la baba yake." Tulistaajabu kwamba sisi tuliokwenda na vitabu kichwani hatukuwa tumelikumbuka hilo kwanza. Ni kweli. Kwa sharia binti yetu atabaki bint wa baba yake mpaka siku ya kufa, awe ameolewa na Mumia, na Mazrui au na mwingine yeyote. Jina la mume halimezi nasaba ya mke. Ni watoto watakaolibeba.

Tuliporudi Mombasa tulikwenda nyumbani kwao baada ya Isha. Baba wa binti alitupokea vizuri, ila alikaa mbali kidogo. Tulimweleza yote: Elureko, "kwa" ya wapagazi, yule Juma mwenye msalaba, kipande, na hata ile habari ya mtoto wa madrasa, ambayo hatukuwahi kumwambia mtu. Tulimkumbusha kwamba Mtume ametuusia, akituletea posa mtu ambaye dini yake na tabia yake zinaturidhisha, tumwoze, na kwamba tusipofanya hivyo fitina huenea. Hakutaja jina la ukoo katika wasia huo.

Mama alikuwa amesimama mlangoni na sinia ya kahawa, hakusema kitu. Baba aliinamisha kichwa kwa muda. Kisha akauliza: "Kwa hiyo wajukuu wangu wataitwa Mumia?"

Tukasema ndiyo, inshallah.

Alitafuta kalamu mfukoni mwa kanzu, akachukua bahasha ya ile barua ya posa iliyokaa wiki nyingi bila jibu, akatusogezea. "Basi niandikie hapa, Sheikh, jina la kijana na la baba yake na la babu yake, kwa utaratibu," akasema. "Nisije nikayakosea mbele ya Kadhi."

Tukayaandika. Nanyi wasomaji wetu, aliye na posa ya namna hii nyumbani kwake, iliyowekwa kando kwa sababu ya jina, na aifungue tena aisome. Mwenyezi Mungu azibariki nyumba zetu na nyumba za wakwe zetu, wa pwani na wa bara. Amin.

Wassalaam alaykum wa rahmatullahi wa barakatuh.